Kiti cha Mbele

Waliowahi kuipanda monoreli ya Walt Disney World, Florida, katika miaka ya 1970 na 1980, wakiulizwa wanakumbuka nini, aghalabu hutaja mambo matatu: sauti, hoteli na kiti cha mbele. Sauti ilikuwa ya Jack Wagner, mtangazaji aliyewatahadharisha abiria wakae mbali na milango, kwanza kwa Kiingereza, kisha kwa Kihispania. Watoto wengi wa Kimarekani ambao hawakujua hata kusalimia kwa Kihispania waliihifadhi sentensi ile neno kwa neno, kama mtoto wa chuoni anavyohifadhi sura kabla hajafikia umri wa kuelezwa maana yake, na leo, wakiwa watu wazima wenye mvi, huitamka kwa lafudhi ile ile ya Wagner. Mtangazaji mwenyewe alifariki mwaka 1995. Ni tafsiri chache mno duniani, hata zile za washairi wakubwa, zilizopata kukaa vifuani mwa watu wengi kiasi hicho.

Hoteli ilikuwa Contemporary, iliyofunguliwa pamoja na bustani yenyewe tarehe 1 Oktoba 1971. Jengo lake lina umbo la herufi A, lenye uwazi mkubwa katikati, na treni hupita ndani kwa ndani: huingia upande mmoja, husimama kituoni juu ya vichwa vya watu wanaokula, kisha hutokea upande wa pili. Lakini la tatu ndilo linalosimuliwa kwa sauti ya chini. Abiria aliyeomba kwa adabu, na akabahatika, aliruhusiwa kukaa katika chumba cha mbele pamoja na dereva, ndani ya pua ya vioo, na kuiona boriti ya zege ikimjia na kumezwa chini ya miguu yake. Aliposhuka alikabidhiwa kadi ya kuthibitisha kuwa alikuwa rubani msaidizi. Kadi hizo leo hukusanywa kama stempu za posta.

Kiti hicho wageni hawakikalii tena. Usiku wa tarehe 5 Julai 2009, treni moja ilirudishwa kinyumenyume ilhali boriti ya kubadilishia njia haikuwa imegeuzwa, ikaigonga nyingine iliyokuwa kituoni. Dereva mmoja, kijana wa miaka 21, alifariki ndani ya pua ile ile ya vioo ambayo watoto waliitamani. Tangu hapo chumba cha mbele kikafungwa kwa abiria, na hapana mtu mwenye akili aliyeweza kupinga. Hamu ya yaliyopita haipendi kuitaja habari hii. Hali kadhalika haipendi kuutaja moto wa Juni 1985, pale behewa la nyuma liliposhika moto njiani na abiria wakalazimika kuvunja madirisha na kupanda juu ya paa, kwa kuwa walikuwa hewani, juu ya boriti, na mlango ungewatoa wapi? Anayezililia treni za zamani hana budi kuzililia pamoja na aibu zake. Akizichuja, analilia picha ya kadi ya posta.

Ama monoreli yenyewe ni kitu gani, hata iache majonzi kiasi hiki? Kwa aina iliyotumika Disney, ni treni iliyopanda boriti moja ya zege kama mtu aliyepanda punda: magurudumu ya mpira yanayobeba uzito yako juu ya boriti, na mengine madogo yanaibana boriti kwa pande mbili ili chombo kisiyumbe wala kuanguka. Umeme hupokewa kutoka vyuma vilivyopachikwa ubavuni mwa boriti hiyo hiyo. Haina moshi wala mlio wa chuma kwa chuma. Aliyeifadhili alikuwa tajiri wa Kiswidi, Axel Lennart Wenner-Gren, aliyetajirika kwa mashine za kufagilia za Electrolux, na herufi za mwanzo za majina yake ndizo zilizounda jina Alweg. Majaribio yalifanyika Fühlingen, karibu na mji wa Cologne, Ujerumani: mwaka 1952 kwa treni ndogo, yenye vipimo vya mbili ya tano ya ile iliyokusudiwa, na mwaka 1957 kwa treni kamili.

Walt Disney aliiona huko mwaka 1958. Mwaka uliofuata, tarehe 14 Juni 1959, ilikuwa tayari inazunguka Disneyland, California, umbo lake likiwa limesanifiwa na Bob Gurr, na Richard Nixon, makamu wa rais wa wakati ule, ndiye aliyealikwa kuizindua pamoja na familia yake. Gurr amesimulia mara nyingi jinsi siku hiyo walivyoondoka na makamu wa rais ndani ya treni ilhali walinzi wake wamebaki kituoni wakitazamana. Kisa ni cha kuchekesha, lakini kilichofanyika mwaka 1961 kina uzito zaidi: njia ilirefushwa ikatoka nje ya uzio wa bustani hadi hoteli ya jirani. Kwa kitendo hicho Disney alikuwa akisema kwamba hiki si kichezeo. Kitu kinachomtoa mtu mahali alipo na kumfikisha anakokwenda ni usafiri, hata kikiwa kimepakwa rangi za peremende.

Naye alikusudia hivyo. Mji aliouchora kabla ya kufariki kwake Desemba 1966, mji ulioitwa EPCOT, ulikuwa na monoreli kama uti wa mgongo, na watu wangeishi humo na kwenda kazini kwa treni hiyo. Mji haukujengwa. Jina lake lilipewa bustani nyingine ya maonyesho iliyofunguliwa mwaka 1982, na monoreli ikarefushwa hadi huko, ikipeleka watalii kutoka maegesho ya magari. Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Treni iliyoundwa ili kuliondoa gari mjini ikageuka mtumishi wa maegesho.

Mwaka 1963 Alweg walikwenda Los Angeles na pendekezo ambalo hadi leo wapenzi wa monoreli hulisimulia kama watu wanavyosimulia mahari iliyokataliwa. Walijitolea kujenga njia ya maili 43, kwa gharama ya dola milioni 105, fedha zitoke kwao wenyewe na zilipwe polepole kutokana na nauli. Wakubwa wa jimbo hilo dogo walikataa. Ray Bradbury, mwandishi wa hadithi za kubuni za kisayansi, alikwenda kuwatetea mkutanoni, akatolewa nje kwa ukali wake wa maneno. Mwenyewe aliyaandika hayo miaka mingi baadaye, wala hakuwa amepoa. Bradbury, ikumbukwe, hakuwahi kujifunza kuendesha gari. Mtu wa namna hiyo huijua thamani ya basi na treni kuliko mhandisi.

Basi wanaozililia monoreli za bustanini hawalilii treni tu. Wanalilia ahadi. Bustani ilikuwa ni ukumbi wa mazoezi, na wao waliketi wakayatazama mazoezi wakiamini kuwa tamthilia yenyewe itachezwa mjini kesho yake, nao watakuwa watu wazima ndani yake. Kesho haikuja, na ukumbi nao ukaanza kubomolewa. Ni aina ya pekee ya hamu, kwani mtu kwa kawaida hukumbuka jambo lililokuwapo, na hawa hukumbuka jambo lililokuwa likitarajiwa.

Wajapani waliyafanya mazoezi hayo kwa dhati kuliko taifa jingine lolote. Monoreli yao ya kwanza ilifunguliwa tarehe 17 Desemba 1957, kabla ya ile ya Disneyland, ndani ya bustani ya wanyama ya Ueno, Tokyo. Njia yake ilikuwa na urefu wa mita mia tatu na ushei tu, safari ya dakika moja na nusu hivi, na behewa lilining'inia chini ya boriti badala ya kuipanda. Mtoto aliyepanda humo alijiona anakwenda kutazama wanyama. Idara ya usafiri ya jiji, iliyoiendesha, ilikuwa ikijaribu chombo cha kurithi nafasi ya tramu. Jaribio hilo liliendelea kwa miaka 62. Treni ilisimama mwishoni mwa Oktoba 2019 kwa uchakavu, na Desemba 2023 njia ikafutwa rasmi. Kwa muda wote huo tramu zilikwishaondolewa karibu mji mzima, na kilichorithi nafasi yake kilikuwa reli ya chini ya ardhi.

Himeji yataka kutajwa kwa kirefu kidogo, maana ni mji uliopenda kwa pupa. Mwaka 1966, kwa ajili ya maonyesho makubwa, meya wake alijenga monoreli ya kilomita 1.6 kutoka stesheni kuu hadi kilima cha Tegarayama, na njiani treni ilipenya ndani ya jengo la makazi lenye kituo tumboni mwake, miaka mitano kabla ya hoteli ya Florida kufunguliwa na kusifiwa kwa ubunifu. Maonyesho yalipokwisha abiria walikwisha nao. Kituo cha ndani ya jengo kilifungwa mwaka 1968, treni zikasimama 1974, na njia ikafutwa 1979. Boriti ziliachwa juu ya mji, nyingine zikapita juu ya nyumba na miti iliyoota baadaye, kama maneno ya mtu aliyekatizwa katikati ya sentensi. Na treni zenyewe? Zilifungiwa ndani ya kituo cha kilimani, gizani, kwa zaidi ya miaka 30. Mwaka 2011 mlango ulifunguliwa tena, na kituo kikawa makumbusho, mabehewa yakiwa pale pale yalipoegeshwa. Hayakurudishiwa mwendo. Wanaokwenda huko huketi ndani yake kwenye viti vya zamani na kutazama ukuta.

Inuyama nayo ilikuwa na monoreli ya kwanza ya Alweg nchini Japani, iliyojengwa na Hitachi na kufunguliwa Machi 1962, kilomita 1.2 kutoka stesheni hadi kwenye bustani ya nyani. Ilisimama tarehe 27 Desemba 2008. Ufupi wa njia hizi usimhadae msomaji. Kutokana na ujuzi uliopatikana Inuyama, Hitachi walijenga monoreli ya Tokyo, kutoka Hamamatsucho hadi uwanja wa ndege wa Haneda, iliyofunguliwa Septemba 1964, wiki chache kabla ya michezo ya Olimpiki, na ambayo haijaacha kubeba watu hadi leo.

Kuna kundi la watu husema kwamba monoreli ilikufa kwa kuwa haikufaa. Hoja zao si dhaifu. Kubadili njia ni kazi nzito, kwa sababu lazima boriti nzima ya zege au chuma ipindwe au isogezwe, ambapo reli mbili za kawaida huhitaji ndimi ndogo za chuma tu. Kuwatoa abiria treni inapokwama hewani ni shida. Na vipuri hutoka kwa mtengenezaji mmoja, ambaye akifa yeye huacha mayatima. Alweg wenyewe hawakuuona mwisho wa miaka ya 1960 kama kampuni iliyosimama kwa miguu yake. Tena mzaha ukamaliza kazi: tangu mwaka 1993, kilipooneshwa kipindi cha katuni za The Simpsons kuhusu mji uliotapeliwa ukauziwa monoreli, imekuwa vigumu kwa mwanasiasa wa Kimarekani kulitamka neno hilo bila mtu kucheka.

Lakini Seattle wanaye shahidi aliye hai. Treni mbili za Alweg zilizoanza kazi tarehe 24 Machi 1962, kwa ajili ya maonyesho ya dunia ya mwaka ule, bado zinakwenda na kurudi katika njia yao ya kilomita moja na nusu. Tarehe 26 Novemba 2005 zilikwaruzana zenyewe kwa zenyewe mahali ambapo boriti mbili zimesogezwa karibu mno, zikatolewa, zikashonwa, zikarudi. Kipuri kisichouzwa popote huchongwa upya na fundi, kama vile fundi wa majahazi anavyochonga taruma asiyekuwa na pa kulinunua. Wapiga kura wa mji ule, kuanzia 1997, waliunga mkono mara kwa mara njia mpya ndefu ya monoreli, wakakubali hata kutozwa kodi ya magari kwa ajili yake, kisha mwezi huo huo wa Novemba 2005, gharama zilipowatisha, wakaizika kwa kura. Ya zamani ikabaki. Usiache mbachao kwa msala upitao, na Seattle, kwa bahati zaidi kuliko kwa busara, hawakuuacha.

Linalostahili kuwafariji wenye majonzi, nao hawafarijiki, ni kwamba tamthilia ilichezwa hatimaye, ila katika ukumbi mwingine. Chongqing, mji wa milima nchini China, ulichukua ujuzi wa Hitachi, yaani ujuzi wa Alweg uliopita Inuyama, na mwaka 2005 ukafungua njia ambayo leo, pamoja na mwenziwe iliyofuata, ina karibu kilomita 100. Katika kituo cha Liziba treni hupenya jengo la makazi. Watalii husimama barabarani na kupiga picha wakidhani wanaona kitu kipya kabisa. Wenyeji wamo ndani, wanakwenda sokoni. Upande wa pili wa ukoo huo, kampuni ya Bombardier, iliyoziunda treni mpya za Florida kuanzia 1989, ndiyo iliyoziunda zile za São Paulo, Brazili, zilizoanza kazi mwaka 2014. Wala hakuna sauti ya Wagner ndani yake. Hakuna pua ya vioo yenye mtoto. Ni usafiri tu wa watu waliochoka, na huenda hilo ndilo linalowafanya wapenzi wa zamani wasiutambue: walichokipenda kimekua, kikaacha kuwachezea.

Na zile treni zilizostaafu ziko wapi? Hatima zao zinatofautiana kama za watu. Mbili kati ya zile za mwanzo za Florida ziliuzwa Las Vegas, ambako kuanzia 1995 zilisafirisha wacheza kamari kati ya hoteli za MGM Grand na Bally's, hadi njia hiyo ilipofungwa ijengwe upya na kurefushwa. Njia iliyorefushwa ilifunguliwa 2004, ikafilisika zaidi ya mara moja, na mwaka 2020 mamlaka ya utalii ya mji ikainunua kwa takriban dola milioni 24, ikieleza wazi kwamba itaiendesha mpaka treni zichakae. Monoreli ya mbuga ya simba iliyokuwa katika bustani ya Kings Island, Ohio, ilinunuliwa na tajiri wa duka kubwa la vyakula katika jimbo hilo hilo, Jungle Jim's, mtu asiyejua kulitazama dubwana lililotupwa bila kulionea huruma. Sydney, ambako monoreli ya mjini ilidumu tangu 1988 hadi tarehe 30 Juni 2013, mabehewa mawili yaliingizwa ofisini kwa Google yakawa vyumba vya mikutano. Huko sasa watu huingia ndani ya treni ili wasiende popote. Hatima hiyo ina adabu kidogo kuliko chuma chakavu, lakini ni kidogo tu.

Kugombana juu ya hatima hizi si upuuzi, kwa sababu treni za Florida zilizopo sasa zimekwishapita umri ambao zile za kwanza ziliondolewa. Za 1971 zilitumika chini ya miaka 20 hivi. Hizi za 1989 hadi 1991 zimevuka 30, na kila mwaka swali linakaribia: zitengenezwe upya, ziletwe nyingine, au boriti zibaki tupu? Anayetaka zihifadhiwe kama zilivyo anataka Himeji, ukuta na viti. Anayetaka ziende daima anataka Seattle, na lazima awe tayari kulipa fundi wa kuchonga kila msumari. Baina ya hawa wawili, wa Seattle ndiye mwenye haki zaidi, maana treni isiyokwenda ni chumba chenye madirisha mengi. Lakini fundi si kila mahali anapatikana, wala fedha yake.

Njia ya tatu ilionekana Minnesota, katika bustani ya wanyama iliyoko kusini ya Minneapolis. Monoreli ya huko ilianza 1979 na kukomeshwa 2013, ikiacha msitu mzima umezungukwa na njia ya juu isiyo na treni. Mtu angedhani mashine za kubomolea zingefika wiki ile ile. Badala yake njia iliachwa miaka kumi, kisha Julai 2023 ikafunguliwa tena ikiwa barabara ya waendao kwa miguu: nguzo ni zile zile, njia ni ile ile, na juu yake sakafu pana yenye vizuizi pembeni, ikizunguka kilomita mbili juu ya vinamasi, vibanda vya wanyama na vichwa vya miti. Mahali pa juu kabisa ni karibu mita kumi kutoka ardhini. Wanapita wazee wanaosukumwa katika viti vya magurudumu, wanapita wazazi na vigari vya watoto wachanga, na pale ambapo zamani treni ilimpitisha mtu mbele ya mnyama kwa muda usiozidi kufumba na kufumbua, sasa anaweza kuegemea ukingo na kumsubiri dubu aamke. Wakati wa baridi theluji hufunika sakafu, watu hupita vivyo hivyo. Watoto hutangulia mbio mbele ya wazazi wao, hawajui chini ya miguu yao kulikuwa na nini, na kwenye kona hupunguza mwendo wenyewe, pale pale treni ilipokuwa ikipunguza.